Mtambo wa Oksijeni Uliovaa Gwanda

Kanali Mfaume aliingia ofisini kwa Kemilembe bila walinzi, kofia mkononi, akakataa chai. Mwanajeshi akikataa chai ya Hazina, watu wa Hazina hujua hakuja kusalimia.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri, afande. Karibu kiti."

Kanali aliketi, akatoa bahasha mfukoni na kumimina mezani kidude kilichokufa, cha ukubwa wa kidole gumba, chenye mabawa ya plastiki na macho mawili ya kioo. Kemilembe alikuwa ameandika bei za vidude vya namna hiyo kwenye Fungu la Ulinzi kwa miaka kumi na tisa, lakini cha upande wa pili alikuwa hajawahi kukiona kwa macho. Huyu alikuwa nzige wa kivita wa Nyanda, nchi jirani.

"Tulimwangusha juzi mpakani," alisema Kanali. "Mafundi wamempasua kichwa. Ndani tumekuta orodha ya sehemu mia mbili na kumi na mbili ambazo wanakusudia kuzipiga tarehe kumi na moja. Leo ni tarehe nne."

Akafungua karatasi, akaivuta karibu na miwani.

"Mia moja sabini na tano nazifahamu. Ni kambi, ni maghala, ni vituo vya kurushia. Siwalaumu, wamefanya kazi yao. Hizi thelathini na saba ndizo zimenishinda. Namba moja, Kabulela. Nimetuma vijana wakachungulie hiyo kambi ya Kabulela, wakakuta wodi ya watoto njiti. Namba kumi na nne ni pampu ya maji ya kijiji. Namba ishirini ni friji la chanjo." Alivua miwani. "Mama, wale watu si wendawazimu. Mbona wanataka kulipua friji?"

Kemilembe alijua jibu kabla Kanali hajamaliza swali. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa utulivu wa kiofisi kabisa:

"Nitafuatilia, afande."

Kanali alisimama. Macho yake yakapita ukutani, kwenye picha ya wafanyakazi wa kitengo wakiwa wamevaa kofia za karatasi na kupuliza mavuvuzela. Kemilembe alikuwa katikati, mdomo wazi kwa kicheko.

"Hii ni siku tuliyopiga Ghala la Mto Kizi?"

"Ndiyo, afande. Mwaka jana."

"Mlisherehekea vizuri."

"Tulipika pilau."

Kanali alitikisa kichwa taratibu na kuondoka. Alimwachia karatasi na nzige wake mezani, na Kemilembe akamfunika nzige kwa faili ili asimwone.

*

Jamhuri ya Maziwa na Jamhuri ya Nyanda hazikuwa zimepigana vita vya watu kwa miaka ishirini na sita. Kilichokuwapo kati yao ni mapazia mawili. Pazia la Maziwa lilikuwa nzige milioni tatu waliotanda angani upande wa magharibi wa mpaka, na Pazia la Nyanda lilikuwa nzige wengine kama hao upande wa mashariki. Hakuna jenerali aliyeyaamuru, maana majenerali walionekana ni wazito wa kufikiri. Kila Pazia lilijiamulia lenyewe lipige nini na lini, na uamuzi wake liliujenga juu ya chakula kimoja kikubwa, nacho ni kitabu cha bajeti cha jirani. Mkataba wa amani ulitaka kila nchi ikitangaze kitabu hicho kila asubuhi, ili mtu asijitie silaha kwa siri. Wazo lilikuwa zuri. Waliolibuni walipewa nishani.

Ndani ya nchi kulikuwa na mashine nyingine, Mizani. Maziwa ilikuwa imekopa hadi wakopeshaji wakaacha kupokea simu, na tangu hapo sheria ikawa moja: nakisi ikitokea, Mizani inakata matumizi siku ileile, bila kuuliza mtu. Inakata popote isipokuwa kwenye Ulinzi. Na kwa kuwa Pazia lilikula zaidi kila mwaka, nakisi ilitokea kila mwezi. Zikaenda barabara. Ukaenda uji wa shule. Wakaenda wauguzi, theluthi kwa mkupuo mmoja, na tangazo lililowashukuru kwa utumishi wao uliotukuka.

Sasa watu wa bajeti nao ni watu. Wana mama zao vijijini na watoto wao shuleni. Hakuna aliyeitisha kikao wala aliyeandika waraka, lakini kwenye korido za Hazina ulizuka utaratibu ambao kila mgeni alifundishwa wiki ya kwanza kwa sauti ya chini: kitu ukikipenda, kivishe gwanda. Unakitoa kwenye fungu lake, unakiandika Ulinzi, unakiongezea maneno mawili matatu ya kijeshi. Pampu ya kijiji inakuwa "chanzo cha maji cha akiba ya vikosi". Friji la chanjo linakuwa "hifadhi baridi ya kimkakati". Mizani inapita juu yake kama haioni. Jeshi lenyewe halikupekua yasiyo yake, maana kwa jeshi fungu nene ni heshima.

Kemilembe alikuwa hodari wa kuvisha magwanda. Magwanda yote thelathini na saba ya kitengo chake yalikuwa na saini yake, na la kwanza, la miaka tisa iliyopita, lilikuwa mtambo wa oksijeni wa Hospitali ya Kabulela, ambako dada yake Adventina alikuwa metroni. Aliuandika "kiwanda cha gesi, daraja la kwanza". Adventina alilia kwenye simu siku mtambo ulipowaka. Tangu hapo, kila msimu wa senene, Kemilembe alipokea ndoo ya siagi iliyojaa senene waliokaangwa na kitunguu, bila barua, na kila mwaka aliwala huku akijiona mtu mwema.

Jioni ya tarehe nne alikaa na karatasi ya Kanali akaioanisha na magwanda yake. Namba kwa namba, thelathini na saba kwa thelathini na saba. Kisha akafanya hesabu nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Mjini watu walikuwa wakiandamana wiki ya tatu wakiwa wamechora tarakimu 62 kwenye mabango, kwenye fulana, hata kwenye paji la uso, kwa kuwa katika kila shilingi mia ya nchi, sitini na mbili zilikwenda kwa jeshi. Polisi waliwapiga kwa ajili ya tarakimu hiyo. Kemilembe akahesabu magwanda yake na ya vitengo vingine aliyoyajua. Shilingi tisa katika zile sitini na mbili zilikuwa pampu, mafriji, na watoto njiti.

Na haikuishia hapo. Pazia la Nyanda lilisoma sitini na mbili, likaogopa, likaitaka serikali yake iongeze. Pazia la Maziwa lilisoma nyongeza ya Nyanda, likaogopa, likataka zaidi. Nakisi ikapanuka, Mizani ikakata, watu wa korido wakavisha vingine. Friji lake lilikuwa limezaa vifaru pande zote mbili za mpaka. Kemilembe aliona aibu iliyomchoma masikio, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

*

Kesho yake alikwenda Kabulela. Adventina alimpokea nyuma ya wodi, penye kamba za kuanikia mashuka, akiwa na plasta pana juu ya jicho la kushoto.

"Dada, umefanyaje?"

"Rungu." Adventina aliigusa plasta kwa fahari kidogo. "Nilikuwa mstari wa mbele na bango langu. Polisi mwenyewe mtoto mdogo, nadhani nilimzalisha mama yake. Karibu, Kemi. Mbona hukupiga simu? Ningekuwekea ndizi."

Mtambo ulikuwa ukinguruma ndani ya banda la bati hatua ishirini kutoka waliposimama. Dirishani waliweza kuona vitanda vidogo kumi na kimoja, kila kimoja na mrija wake.

Kemilembe alikuwa ameandaa namna ya kueleza, na njiani kila namna ilikuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa. Mbele ya dada yake zote zilimkimbia. Alieleza moja kwa moja, gwanda, orodha, tarehe kumi na moja. Alimweleza na zile shilingi tisa.

Adventina aliondoa shuka moja kwenye kamba, ingawa bado lilikuwa bichi, akaanza kulikunja.

"Kwa hiyo nimepigwa rungu kwa namba uliyoiandika wewe."

"Sehemu yake."

"Usinipimie, Kemi. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, dada."

"Na hao wa Nyanda wanataka kuniulia watoto kwa sababu ulinisaidia."

"Ndiyo."

"Na mimi nakutumia senene." Alicheka kicheko kikavu, kisha uso ukambadilika. "Si ulivue hilo gwanda? Kafute, wajue ni hospitali."

"Nikifuta, Mizani inauona siku hiyohiyo. Utakatiwa umeme baada ya saa sabini na mbili. Fungu la hospitali yako halina hata hela ya sabuni, unajua mwenyewe."

"Nikibaki na gwanda?"

"Utakuwa nao hadi tarehe kumi na moja. Baada ya hapo labda wanakosea shabaha. Labda wanaahirisha."

"Labda," alisema Adventina.

Walisimama wakiutazama mlango wa wodi. Mama mmoja kijana alitoka na kanga begani, akamwamkia metroni, akamwamkia na mgeni. "Shikamoo mama," alimwambia Kemilembe, na Kemilembe akaitika marahaba akitamani ardhi ipasuke. Aliona yule binti angemtemea mate kama angejua, na kwamba angekuwa na haki.

"Hapo ulipovisha, uliuliza mtu?" Adventina aliuliza.

"Hapana."

"Uliona tu wewe ndiye mwenye huruma kuliko nchi nzima."

Kemilembe alishika ncha ya pili ya shuka.

"Nenda kavue," alisema Adventina hatimaye. "Yote. Usije ukaniachia mimi gwanda kwa kuwa ni dada yako, au ukanivua mimi ukawaachia wengine. Huyu nzige haoni haya, lakini sisi tunaona. Hizo siku tatu niachie mimi."

"Utafanya nini?"

"Sijui. Ila mimi nitauliza watu."

*

Kanali Mfaume alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Safari hii alikuwa amekubali chai, na ilipoa mbele yake.

"Kwa hiyo kambi thelathini na saba hazipo," alisema.

"Hazijawahi kuwapo."

"Mama Kemilembe, unafahamu kwamba zimetulinda?" Alisema kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali. "Nyanda wanatuona wanene. Tarakimu yetu inawatia woga. Ukisimama Bungeni ukavua yote hayo, asubuhi watasoma kwamba tuko wembamba kuliko walivyodhani. Pampu zako huenda zimezuia vita kwa miaka tisa."

"Na ndizo zimepangiwa kulipuliwa, afande."

"Ndiyo." Alikisukuma kikombe. "Naogopa kila upande ninaotazama. Sijawahi kumwambia raia neno hilo."

Kemilembe alisubiri aseme kwamba yuko chini ya ulinzi. Sehemu ya moyo wake ilitamani, maana mtu akishakamatwa haamui tena. Kanali alichukua kofia yake.

"Mimi nimekuja kuuliza habari za friji," alisema mlangoni. "Nimejibiwa kwamba linafuatiliwa."

*

Fungu la Ulinzi halikusahihishwa kwa kalamu. Waliotunga sheria waliogopa wadukuzi, hivyo waliamua kwamba sahihisho lolote lisomwe kwa sauti ndani ya ukumbi wa Bunge na mtu yuleyule aliyeandika kosa, kwa jina lake, kwa maneno yaliyopangwa. Mizani ilimtambua kwa sauti. Katika miaka yote ya sheria hiyo, walikuwa wamesoma watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wamekosea sifuri.

Tarehe saba saa nne asubuhi Kemilembe alisimama kwenye jukwaa. Nyuma yake kulikuwa na ubao mkubwa wa Mizani, na mbele yake wabunge waliokuwa wakinong'ona na kupekua simu.

"Mimi, Kemilembe Byabato, niliandika chanzo cha maji cha akiba ya vikosi. Ni pampu ya kijiji. Nasahihisha."

Ubao ukauliza kiasi. Akataja. Maandishi ya kijani yakafifia, na chini yake yakatokea mekundu: IMEKATWA.

"Mimi, Kemilembe Byabato, niliandika hifadhi baridi ya kimkakati. Ni friji la chanjo. Nasahihisha."

Wabunge walicheka. Friji! Mmoja aligonga meza kwa furaha. Alipofika gwanda la sita, kicheko kilianza kupungua. Lilipofika la kumi, daraja la miguu la wanafunzi, hakukuwa na aliyecheka, kwa sababu kila mbunge alikuwa ameanza kusikia majina ya kwao. Alipotaja kituo cha wazazi cha jimbo fulani, mbunge wa jimbo hilo alisimama na kupiga kelele, "Mwongo mkubwa! Tapeli wewe!" Spika akamketisha. Kemilembe alitaka kumwambia kwamba hakuchukua hata senti. Lakini sahihisho halikuwa na nafasi ya maneno hayo, na akatambua kwamba ndivyo ilivyostahili.

Kabulela aliiweka mwisho. Alikuwa amejidanganya kwamba ni mpangilio wa alfabeti.

Thelathini na sita zilikuwa zimekatwa mbele ya macho yake, kila moja na watu wake. Aliwaza: nikiiacha hii moja, nani atajua? Adventina angejua. Akaona pia kwamba hakuwa akiwafikiria wale watoto kumi na mmoja hata kidogo. Alikuwa akifikiria zile ndoo za senene, na kwamba hakuna tena atakayemtumia.

"Mimi, Kemilembe Byabato, niliandika kiwanda cha gesi, daraja la kwanza. Ni mtambo wa oksijeni wa watoto njiti. Nasahihisha."

Ubao ukafifisha. UMEME UTAKATWA BAADA YA SAA 72. Na juu kabisa, ile tarakimu ya nchi, ambayo haikuwahi kushuka tangu ubao uwekwe, ikashuka ikawa 60. Barua ya kusimamishwa kazi alikabidhiwa kabla hajamaliza ngazi za jukwaa.

*

Mtambo ulizima tarehe kumi, kama Mizani ilivyosema, saa nne na dakika zake.

Kemilembe alikuwapo. Alikuwa amepanga chumba karibu na hospitali kwa kuwa hakujua aende wapi pengine. Banda la bati liliponyamaza, kila mtu uani aligeukia getini. Kisha pikipiki ya kwanza ikaingia getini ikiwa imebeba mtungi mrefu wenye masizi, umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Adventina alikuwa ameuliza watu. Alikuwa amezunguka gereji zote za Kabulela na vitongoji vyake, kwa mafundi wa kuchomelea mageti na chesisi za magari, kwa sababu hao nao hutumia oksijeni. Kila fundi alitoa mtungi alionao. Fundi wa hospitali aliipima mmoja mmoja, akakataa mitatu, akaipokea ishirini na miwili. Ingetosha siku tisa, kumi kwa kubana. Mageti ya Kabulela yangesubiri.

"Baada ya siku kumi?" Kemilembe aliuliza.

"Baada ya siku kumi nitapigwa rungu jicho la pili," alisema Adventina, na kumsukumia mtungi aushike. Hakuwa amemsamehe. Alikuwa na kazi tu, na mikono haikutosha.

Tarehe kumi na moja ilikucha na watu wakitazama juu. Ilipofika adhuhuri hakukuwa na kitu angani zaidi ya mawingu. Kanali alipiga simu.

"Hawajaruka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi chini. "Pazia lao lilisoma tumepungua, badala ya kutuvamia likaanza kuhesabu upya. Hata kupiga zile kambi mia moja sabini na tano limeahirisha. Mama, nilikosea. Halafu washa redio, masafa ya Nyanda. Kuna mtu wao anasoma."

Redio ya wauguzi ilikuwa juu ya kabati la dawa. Adventina aliiwasha, na wauguzi, mafundi na akina mama wenye kanga wakasogea. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, yenye lafudhi ya mashariki, ikisoma taratibu kwa maneno yanayofanana sana na yale ya Bungeni.

"Mimi, Saruni Lekishon, niliandika kituo cha mawasiliano ya vikosi. Ni maktaba ya watoto. Nasahihisha."

Fundi mmoja alipiga mluzi. Mtu akasema, "Kumbe na wao!" Ukazuka mtetemo wa kicheko chumbani, kicheko cha watu walioona jirani naye ana fulana iliyotoboka. Kemilembe naye alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tarehe nne. Alijisikia kama amepata ndugu.

Saruni alisoma kisima. Alisoma zahanati mbili. Alisoma josho la ng'ombe, na akina mama wakacheka tena.

"Namba nane," ilisema redio. "Mimi, Saruni Lekishon, niliandika ghala la zana, Mto Kizi." Sauti ilisimama. Ilisikika karatasi. "Lilikuwa ghala la unga wa uji wa shule. Halipo tena. Ndani walikuwamo wapishi wanne, wamewasha moto mapema. Nasieku. Mepukori. Naserian. Loshilu. Nasahihisha."

Hakuna aliyecheka. Kabulela nzima ilikuwa imepuliza mavuvuzela siku ile. Adventina mwenyewe aligonga kengele ya hospitali. Aliunyoosha mkono kuizima redio, kisha akauacha mkono hapohapo, juu ya kabati.

"Kemi," alisema bila kugeuka. "Nyie siku ile mlifanya nini ofisini?"

"Tulikula pilau."

Aliikumbuka siku hiyo kwa ukamilifu. Asubuhi alikuwa ameandika mstari kwenye Fungu la Ulinzi kwa mkono wake, "ghala la silaha la adui, limeteketezwa," akaweka saini, akashuka ukumbini. Pilau lilikuwa na nyama nyingi. Aliongeza sahani.

Alitafuta kalamu mfukoni mwa koti, akaandika majina manne nyuma ya barua ya kusimamishwa kazi. Loshilu hakuwa na uhakika nalo, akamwuliza Adventina, na Adventina akamtajia herufi kwa herufi.

*

Sheria haikusema msomaji lazima awe na ajira. Ilisema tu awe ndiye aliyeandika. Karani wa Bunge aliisoma mara mbili, akakuna kichwa, akamfungulia mlango.

Ilikuwa Ijumaa na ukumbi haukuwa na kikao. Mama wa usafi alikuwa akipangusa viti vya wapinzani. Ubao wa Mizani uliwaka wenyewe uliposikia hatua jukwaani.

"Mimi, Kemilembe Byabato," alisema, "niliandika ghala la silaha la adui. Lilikuwa la unga. Nasahihisha."

TAJA KIASI, ubao ukaandika.

Kemilembe aliigeuza barua yake.

"Nasieku," alisoma. "Mepukori. Naserian. Loshilu."

Ubao ukaandika: TARAKIMU HAIJAPOKELEWA. RUDIA.

Mama wa usafi alikuwa ameacha kupangusa. Kemilembe aliisogeza karatasi kwenye mwanga, akarudia.